Mashine Imekwenda Marangu Bila Mimi

Jumamosi, 6 Juni

Leo ni tarehe sita na ninaweka ahadi: nitaandika yote, hata yatakayonionyesha vibaya. Mwalimu Rehema, anayetufundisha Kiswahili kila Jumamosi hapa Xiaobei, mtaa wetu huku China, anasema anayejificha ndani ya shajara yake hana pengine pa kutokea.

Asubuhi imla. Nimekosa neno moja tu, mithili. Mchana nimemsaidia Mama kubandika lebo kwenye viatu vya mzigo. Pini tunaziweka kwenye kopo la chai, lile jekundu lenye maua meupe. Mama hataki lihamishwe kutoka rafuni. Makopo kama hayo huuzwa mawili kwenye sanduku moja. La pili sijawahi kuliona.

Jioni Baba Mkubwa, kaka yake Baba, amefika kutoka Moshi. Amefuata jinzi. Amefuata pia detekta, mashine ya kutafuta vyuma ardhini. Hatimaye!

Hadithi yenyewe naijua kwa moyo. Baba yake Babu aliuza kahawa na hakuamini benki. Akafukia chungu cha shilingi za fedha katikati ya migomba, kwenye kihamba, shamba letu la ukoo kule Marangu. Kisha akapooza ulimi. Siku ya kufa alinyoosha mkono kuelekea nje, na kila mtoto wake akaona mkono umeelekea upande wake.

Bibi amesema kila mjukuu atakayeshiriki kuchimba atapata shilingi moja ya kuvaa shingoni. Mimi nakwenda Julai, shule ikifungwa. Mara ya kwanza tangu nilipokuwa na miaka mitatu. Naitaka shilingi hiyo kuliko kitu chochote.

Jumapili, 7 Juni

Soko la vifaa vya umeme. Mimi ndiye mkalimani. Mwenye duka akawasha mashine, ikalia. Akaihamisha, ikalia. Akaisogeza mpaka mlangoni, bado inalia tu. Yeye anatabasamu, "Nzuri, pengyou, nzuri!" Kila mteja kwake ni pengyou, rafiki.

Baba Mkubwa akasema, "Hata kichanga kinalia, Aika. Mwambie nataka mashine inayojua inalilia nini."

Nilitafsiri nusu, kwa adabu. Mwenye duka akacheka, akaelekeza chini. Sakafu ina nondo. Humu ndani haiwezi kutulia, twende tukaijaribu kwenye udongo. Tumeacha amana, tumeichukua.

Udongo! Katika mji huu! Tulijaribu kwenye bustani ya maua chini ya ghorofa yetu. Mlinzi akatufukuza.

Jumamosi, 13 Juni

Siku nzuri kuliko zote, mpaka ilipoharibika.

Baba Mkubwa alikuwa na oda ya jinzi Xintang, nikaruhusiwa kukosa somo la Kiswahili. Nyuma ya karakana kuna miti ya matunda ya laichi na udongo mwekundu wa kweli. Tukawasha. Ikalia. Nikachimba: kifungo cha jinzi. Ikalia tena. Ribiti ya mfuko. Ardhi yote pale imejaa vifungo na ribiti, miaka na miaka ya suruali.

Baba Mkubwa alitaka kukata tamaa. Mimi nikavaa hedifoni, nikafumba macho. Milio haifanani. Chuma kinakoroma. Shaba inapiga filimbi. Bati linaanza juu halafu linapasuka, kama mtu aliyepaliwa.

Basi akatoa shilingi. Ya kweli, ile moja iliyobaki nyumbani. Bibi alimpa kama sampuli. Akanigeuza nyuma, akaifukia katikati ya vifungo vyote. Nilitembea polepole, sahani ya mashine ikikaribia kugusa udongo. Kisha nikaisikia. Safi, nyembamba, ndefu. Nikasema, "Hapa." Nikachimba kwa vidole. Ilikuwa hapo.

"Huyu mtoto ana masikio ya popo!" Baba Mkubwa alipiga kelele. Wafanyakazi waliokuwa wakitutazama dirishani wakapiga makofi. Mmoja akatuletea tawi zima la laichi. Nilijiona nimeumbwa kwa kazi hii.

Kwenye gari akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Doreen ataifurahia kweli. Nikifika tu tunaanza, maana ameshafunga shule."

Wanaanza Juni. Mimi nafika Julai.

Sikumaliza laichi zangu.

Jumapili, 14 Juni

Nina wivu. Naliandika neno hili wazi ili nilione.

Doreen ni binti wa Baba Mkubwa. Amenizidi miezi michache, kwa hiyo ni dada na natakiwa kumheshimu. Anaishi na Bibi. Anajua kukama ng'ombe na kupika mtori. Anajua Kichaga, ambacho mimi nasikia kidogo tu, kama redio ya jirani. Bibi akicheka, anacheka naye, ana kwa ana. Sasa atapewa hata mashine, ambayo hajui hata inakoroma lini.

Mchana nilimbandikia Baba Mkubwa vikaratasi kwenye vitufe, kwa sababu maandishi yote ni ya Kichina. Kuwasha. Sauti. Chuma. Fedha. Nilishika karatasi mbili za mwisho mkononi muda mrefu. Ningeweza kuzibadilisha. Nani angejua?

Nimezibandika sawasawa. Si kwa wema. Nikiwapoteza wao, nimeipoteza na shilingi yangu.

Jumatano, 17 Juni

Ameondoka. Mashine imetolewa betri, imeviringishwa ndani ya jinzi. Mama amemwambia, "Shemeji, msalimie mama." Mimi nimesema safari njema. Nilitamani iharibike.

Ijumaa, 19 Juni

Sikukuu ya mashua za joka, hakuna shule. Jirani ametuletea wali wake uliofungwa kwenye majani. Nilikuwa nakula vizuri mpaka Doreen alipotuma sauti. Naiandika ilivyo, kwa sababu niliahidi yote.

"Mchina, mambo? Mashine imefika, tunaanza Jumapili baada ya ibada. Ila Bibi ametoa amri. Amesema kihamba si uwanja wa mpira, atakayechimba ni yule ambaye kitovu chake kimezikwa humu. Changu kiko hapo kwenye mgomba wa pili. Chako si kilibaki hospitali huko kwa Wachina? Pole mwaya. Utatutazama."

Nyuma yake kuku wanalia na mtu anacheka.

Nimeisikiliza mara nyingi mno. Baba Mkubwa, Baba, Doreen, wote vitovu vyao vimo kwenye udongo ule. Mimi nimezaliwa hapa. Kitu changu kilitupwa na nesi kwenye ndoo.

Sikumwuliza Mama. Angeniambia ukweli.

Nilimjibu Doreen: "Hata ungekuwa na vitovu kumi, bila mimi usingejua kitufe cha kuwasha." Akatuma kicheko. Simpendi leo. Sijui kesho.

Jumapili, 21 Juni

Mama alikwenda soko la Zhanxi kuchukua viatu. Nilibaki peke yangu na simu ya video, nimeiegemeza rafuni. Huku mchana, kwao asubuhi. Walikuwa na masweta, ukungu umekaa juu ya migomba. Baba Mkubwa kashika simu. Doreen kavaa hedifoni, kidevu juu kama bibi harusi. Upande mmoja wa hedifoni aliuacha nje ya sikio, kwa hiyo nami nilisikia.

Aliibeba juu juu. Sikuweza kunyamaza.

"Shusha chini, unafagia hewa!"

"Njoo ufagie wewe!"

"Dada, shusha. Karibu na udongo."

"Baba, mwambie huyo wa kwenye simu anyamaze, ananichanganya."

Walipata vizibo vya soda. Walipata jembe lililooza kwa kutu. Walipata kijiko, na mke wa Baba Mkubwa akakumbuka alimchapa nani kwa ajili ya kijiko hicho. Kila walipokosa nilifurahi. Furaha mbaya, yenye uchungu mdomoni, lakini nilifurahi.

Kisha wakafika nyuma ya jiko la Bibi, penye masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mipakani. Mashine ikalia. Ilianza juu, ikapasuka. Nilijua mara moja.

"Ni bati. Siyo fedha. Liacheni."

"Wivu tu huo!" Doreen akasema. Na kweli nilikuwa nao.

Baba Mkubwa alimpa simu mkewe akachimba mwenyewe, kwa pupa. Mfuko wa nailoni. Ndani yake kitu cha mraba. Doreen akakipokea, akakipangusa kwa sketi yake, akapasua kicheko.

"Jamani! Baba yake Babu alizika majani ya chai! Tena ya Kichina!"

Wote wakacheka. Akakisogeza kwenye simu. "Haya, Mchina, msomi wetu. Tusomee."

Kutu kwenye pembe. Wekundu umebaki katikati. Maua meupe. Herufi nilizozisoma maisha yangu yote nikitafuta pini. Niliinua macho. Kopo letu lilikuwa palepale rafuni, nyuma ya simu.

Sikusoma. Nilibonyeza simu, nikainasa picha yao.

Bibi akaja na fimbo yake, hakuwa akicheka. "Doreen, usifungue. Weka chini, mwanangu. Weka chini taratibu. Na hiyo mashine, zimeni."

Simu ikakatwa.

Jumatatu, 22 Juni

Jana usiku sikuandika. Naandika sasa, baada ya shule.

Mama alirudi na mifuko miwili ya viatu. Nikamshikisha kopo la pini, nikamwuliza pacha wake yuko wapi. Akakaa chini juu ya mifuko.

Alisema kitovu changu kilipodondoka alikikausha. Alikitia kwenye kopo la pili, akampa mama mmoja wa kutoka Kilema, karibu na Marangu, aliyekuwa anarudi nyumbani na mzigo wake, akamwambia, mpelekee mama mkwe, atajua la kufanya. Baba hakuambiwa. Mambo hayo ni ya wanawake.

"Kilifika?" niliuliza.

"Sikuuliza."

"Miaka yote hiyo, Mama?"

"Ningeambiwa kimepotea, ningekutolea wapi kingine?"

Kisha akalia. Nilimwonyesha picha niliyoipiga kwenye simu, Doreen na kopo. Akaligusa kwenye kioo kwa kidole, kwenye kutu.

Jumanne, 23 Juni

Sauti ya Bibi, kwa simu ya Baba Mkubwa. Bibi hapendi kusema na simu, anasema ni kuongea na ukuta. Lakini alisema:

"Aika, mama. Nimesikia umeumia. Niliposema wenye vitovu, wewe nilikuhesabu. Wewe na Doreen. Sikukitangaza, kitovu cha mtoto hakitangazwi. Nilikizika mwenyewe kwa mikono hii, mvua inanyesha, nikakupandia isale juu. Hawa wameling'oa kama magugu. Sasa basi. Mashine imelala uvunguni kwangu. Hakuna anayechimba mpaka Julai."

Nimehesabiwa. Naandika tena. Nimehesabiwa.

Niliwaambia ni bati, waliache. Wangenisikiliza, nisingejua kamwe.

Alhamisi, 25 Juni

Mtihani wa hisabati. Vibaya. Sikujali kama nilivyotakiwa kujali.

Jumapili, 28 Juni

Mvua tangu alfajiri. Mama anabandika lebo, mimi nampa pini.

Doreen ametuma picha, bila neno lolote. Jani la isale limefungwa fundo, juu ya kiganja chake. Kwetu anayekuletea jani hilo anaomba msamaha, na huruhusiwi kumkatalia. Nikamwandikia: Nimepokea, dada.

Ni kweli nimepokea. Lakini niliahidi kuandika yote, kwa hiyo naandika na hili: alilishika kopo langu kabla yangu. Alilipangusa kwa sketi yake. Mimi sijawahi kuligusa. Hilo bado linaniuma, na shilingi hata ikipatikana haitaliondoa.

Bibi hakusema kopo limewekwa wapi. Nimefikiria wiki nzima. Leo nimemtumia sauti, nimeirekodi mara kadhaa. Naiandika hapa kama nilivyomwambia.

Shikamoo, Bibi. Ni Aika. Nina swali moja tu, na naomba unijibu leoleo, hata kama ni kuongea na ukuta. Kopo langu mmeshalirudisha ardhini, au mnanisubiri nije nilizike mwenyewe?