Mlango wa Baba na Nyundo ya Sokoni

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wewe na wote wanaokusaidia kuzisoma barua zetu. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo huenda ukaliona dogo, kwa sababu wengi wanaokuandikia huuliza mambo ya ndoa na mirathi, nami nataka tu kujua kama nyundo na bisibisi za bei rahisi zinafaa kwa matengenezo madogo ya nyumbani, lakini nikiuliza hivyo peke yake hutanielewa, kwa hiyo niruhusu nianze na mlango.

Kwetu ni Malindi, mji wa kale. Baba yangu, Haroun, ni seremala, asili yake Lamu, na alipomposa mama aliuchonga mlango wa mbele wa nyumba yetu kwa mbao ya mbambakofi, akatia safu ya maua kwenye fremu, na mama husema kwamba watu walikuja kuutazama mlango kabla ya kumtazama bibi harusi. Nilipokuwa darasa la sita baba alikwenda Omani kufanya kazi katika kiwanda cha makabati ya jikoni, na sasa niko kidato cha tatu na hajarudi, kwa sababu kila likizo yake inapokaribia hutokea jambo, mara kandarasi, mara pasipoti iko kwa tajiri wake wa kazi, na sisi huwa tumeshafua mapazia.

Mlango nao umechoka. Bawaba ya juu imelegea, mlango umeinama, na chini unakwaruza sakafu hata pamechimbika alama kama mwezi mchanga. Mama huamka alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza, na ili wanunuzi waingie inambidi auinue mlango kwa bega ndipo ufunguke, na siku hizi akishaufungua husimama kidogo amelishika bega lake kabla ya kurudi jikoni. Baba akipiga simu husema, "Niacheni nije, nitautengeneza mwenyewe." Fundi Kahindi wa Matsangoni, aliyekuwa akifanya kazi na baba, alipita kutujulia hali akauona, akasema angeufanya bure, vyombo anavyo kwenye begi. Mama akamkaribisha chai na mahamri, kisha akamwambia kwa upole, "Ahsante, fundi, lakini mlango huu una mwenyewe." Fundi akanywa chai yake akaenda zake.

Utaniuliza kwa nini nisitumie vyombo vya baba. Vimo sandukuni chini ya kitanda cha mama, patasi, randa, keekee, nyundo mbili na bisibisi za mipini ya mti, vyote vizuri, na kila Ijumaa mama huvitoa na kuvifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi ili hii hewa ya chumvi isivile kwa kutu, halafu huvirudisha. Lakini kwa watu wa baba vyombo vya seremala havitiwi kazini na mkono mwingine ila siku amekufa, ndipo wanawe wanapogawana. Niliwahi kumwomba mama bisibisi moja tu. Akanitazama kana kwamba nimemletea habari ya msiba, akasema, "Widad, baba yako yu hai."

Basi nikakusanya pesa za Idi nikaenda sokoni nikanunua seti ndani ya kisanduku chekundu cha plastiki, nyundo, koleo, bisibisi, msumeno mdogo na utepe wa kupimia, na nilifurahi, mshauri, nilikuwa nikikifungua na kukifunga ili nisikie kinavyolia. Mjomba Muhdhar, kaka yake mama, alikiona akacheka. Akaitupa nyundo juu akaidaka, akasema ni ya watoto kubanjia kokwa za kungu, na kwamba mtu hununua chombo kimoja kizuri au hanunui kabisa. Hapo nilistahimili. Kisha akasema, "Takataka hizi hununuliwa na nyumba zisizo na mwanamume." Mama alikuwa akikanda unga, akaendelea kukanda. Nilitaka kumjibu kwamba nyumba yetu ina mwanamume, ila yuko mbali, lakini yeye ni mjomba wangu, nikaipokea nyundo nikairudisha kisandukuni.

Wiki iliyopita mama alikwenda Watamu kusaidia kumpaka hina bibi harusi, nikaona ndiyo nafasi yangu. Nilikata shauri nipige msumari wa inchi tano juu ya bawaba uishike. Wa kwanza ulijikunja kama kamba aliyekaangwa, wa pili vilevile, na kwenye wa tatu kichwa cha nyundo kikachomoka kwenye mpini kikagonga lile ua la katikati, petali moja ikabanduka. Mama aliporudi aliuinua mlango kwa bega, akaingia, akaiona misumari na lile ua. Hakunigombeza. Alipitisha kidole pale palipobanduka, akavua buibui, akaenda kuosha mchele.

Siku ya pili baba alipiga simu. Huwa hatuna mengi, huniuliza kama nimekula na kama nasoma, nami humjibu ndiyo. Safari hii akauliza, "Na mlango wangu je?" Nikamwambia ni mzima.

Kila nikitoka shule huwa nawaza siku atakayokuja. Namwona amesimama kizingitini na mizigo yake, anausukuma mlango kwa kidole, na unafunguka bila sauti, kama alivyouacha. Ndilo ninalolitaka. Je, mjomba anasema kweli kuhusu vyombo vya bei rahisi? Nikusanye tena pesa ninunue vizuri, ijapokuwa ni kazi ya mara moja moja tu? Au niuache mlango umngoje?

Wako mtiifu,
Widad, Malindi

*

Marahaba, Widad.

Nianze kwa kukugombeza, maana mama yako hakukugombeza na naona jambo hilo linakusumbua. Nani alikufundisha kupiga msumari kwenye mbambakofi? Baba yako mwenyewe hawezi, hata kwa nyundo ya dhahabu. Ubao ule hutobolewa kwanza kwa keekee. Misumari yako haikukunjwa na bei ya nyundo, ilikunjwa na haraka yako. Nyundo ina kosa moja tu, kichwa kilikuwa hakijakazwa kwenye mpini, na hilo ulipaswa kulitazama pale pale sokoni kwa kuitikisa. Pigilia kabari ndogo ya mti juu ya mpini, itakutumikia miaka.

Sasa swali lako. Ndiyo, vyombo vya bei rahisi vinafaa kwa mtu anayetengeneza kitu mara chache kwa mwaka. Koleo lako linatosha, utepe unatosha, msumeno utakatia vijiti na mbao laini. Kimoja tu usikipunguzie bei, nacho ni bisibisi. Ile ya chuma laini huliwa ncha, na ikishaliwa huharibu kichwa cha skrubu, ukabaki na skrubu isiyotoka wala kuingia. Nunua bisibisi moja nzuri, uache vingine kama vilivyo. Na unachokihitaji siku moja tu, kama keekee, usikinunue, kiazime. Mimi nimekulia Rabai katika nyumba iliyokuwa na nyundo moja na panga moja, na paa letu halikuvuja.

Bawaba haitaki msumari, inataka skrubu. Tundu zake zimepanuka, ndiyo maana imelegea. Chonga vijiti vya mti mgumu, vitie gundi ya mbao, vizibe tundu, uache vikauke mpaka kesho yake. Kisha toboa tundu nyembamba, paka skrubu sabuni ili iingie bila kupasua mti, ukaze polepole. Lakini mlango wa mbambakofi ukikuangukia utakuvunja mguu, kwa hiyo usijaribu peke yako. Aitwe Fundi Kahindi aushike na kuuwekea kabari chini, na keekee yake aje nayo.

Mjomba wako mpe salamu zangu kwa heshima zote. Mwambie mtu mwenye mabega mawili mazima anaweza kumfungulia dada yake mlango asubuhi, badala ya kurusha nyundo ya mtoto na kuidaka.

Tumemaliza ya vyombo. Sasa nisikilize vizuri, mwanangu, kwa sababu hukuniandikia kwa ajili ya nyundo.

Mama yako haulindi mlango. Analinda kule kurudi kwa baba yako. Kila mkono mwingine unaougusa mlango ule unamwambia kwamba amezoea kuishi bila mumewe, na hataki kuzoea. Ndiyo sababu alimrudisha fundi, na ndiyo sababu hakupiga kelele alipoliona ua. Ulikosea kufanya kazi ile kwa siri, nenda ukamwombe radhi, maneno machache tu, usilie kupita kiasi.

Na wewe ulimwambia baba yako kwamba mlango ni mzima. Ulitaka asihuzunike, naelewa. Lakini mfikirie naye. Kutwa anakata mbao kwa mashine kwa ajili ya majiko ya watu asiowajua, kisha anapiga simu kwake, anaulizia kitu kimoja alichokitengeneza kwa mkono wake, na bintiye anamfungia mazungumzo kwa neno moja. Unalalamika kwamba hamna mengi ya kuzungumza, na mlango mzima uko katikati yenu.

Mama yako amesema mlango una mwenyewe. Vyema, mwenyewe aulizwe. Ijumaa, baba yako akiwa mapumzikoni na mama akiwa ametandaza vyombo anavifuta, mpigie simu ya video. Mwambie ukweli wote, misumari na ua. Ielekeze simu kwenye bawaba, umwulize, "Baba, nianzie wapi?" Kisha nyamaza, mwache aseme. Atakukosoa, atakutajia majina ya vitu usivyovijua, huenda akaicheka nyundo yako, nawe mwache aicheke. Fundi ashike mlango, mama ashike simu, wewe ushike bisibisi. Vyombo vya baba yako havitatiwa kazini, na hakuna atakayeweza kusema kwamba kazi ile imefanywa na mwingine.

Lile ua lisitiwe gundi wala rangi. Petali iliyobanduka itafute sakafuni, uifunge kwenye kitambaa, umpe mama aiweke sandukuni pamoja na patasi. Mlango ufunguke sasa, bega la mama lipumzike. Ua ndilo litakalomngoja baba yako.