Wimbo Walioutuma Wakwe wa Ilula

Goodness, maharage yapo jikoni, yaangalie yasiungue. Nimeenda Uyole kumpelekea MC orodha ya nyimbo za harusi yako.

Asubuhi nilikuwa najifunza ule wimbo wa Kihehe walioutuma wakwe zako wa Ilula, uingilie nao ukumbini. Jirani yetu Mama Adrian, si unajua ni Mhehe, akanisikia, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe kwao ni wa kubembelezea mtoto mchanga.

~~Nitamwambia MC autoe.~~ Nitauacha kwanza. Sijakasirika, nataka kujua tu. Wamekosea, au kuna kitu wanakijua mimi sijaambiwa?

Kwenye chupa nimekuwekea uji wa ndimu. Chai naona wiki ya tatu huigusi.

Mama yako. Au nisaini Bibi?