Mama wa Kwenye Bango

12 Februari

Mama, shikamoo.

Macho yanaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi imenikaba. Mafundi wetu wazuri wanahamia viwanda vingine, na mkubwa amenipa jukumu la kukijengea kiwanda jina, watu wakitusikia watamani kuajiriwa. Nimekufikiria wewe. Umeshona hapa mpaka nywele zimegeuka mvi, ukastaafu, na mtaa mzima unakuamini. Naomba tuweke picha yako kwenye bango la getini, chini tuandike: "Hapa ndipo nilipolelea wanangu." Si uongo, mama.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu, marahaba.

Macho hayajambo, uzi tu ndio unagoma kuingia kwenye sindano. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa nyie mnatembeza hadi vikongwe? Haya, wekeni, ila isiwe ile ya kitambulisho, nilinuna. Na lile bomba la mvuke la chumba cha pasi mmeshalibadilisha? Nililisema mpaka nikachoka.

Mama yako

2 Aprili

Shikamoo mama, habari za hapo?

Bango limefanya kazi yake. Asubuhi foleni inafika barabarani. Hata Kidoti, binti wa jirani yako, tumempa nafasi kwenye pasi. Alisema kama wewe umepaona pazuri, yeye ni nani akatae. Bomba limo kwenye mpango wa mwakani, usijali.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Sijambo kwa mwili tu. Tumemzika Kidoti na hukuja. Bomba lilipasuka akiwa mbele yake, mvuke ukamuunguza uso na kifua, hakufika jioni. Mama yake hakunitukana. Aliniuliza tu, mbele za watu, "Jirani, ulijua?" Nami nilijua. Sasa nikiingia dukani watu wanatoka. Itoe picha yangu. Nimekuzaa na sijawahi kukuomba kitu, hiki nakuomba.

Mama yako

17 Juni

Mama, shikamoo.

Nimelia. Nilimwambia mkubwa, akasema picha haijaua mtu. Nikiitoa, nami natoka nayo, na wajukuu zako wako shule. Nivumilie.

Mwanao

1 Julai

Mwanangu,

Siwezi. Jumatatu nitakuja nisimame chini ya hilo bango, niwaambie watu kwa mdomo wangu. Mlinzi akitaka, anisukume.

Mama yako

15 Julai

Mama, shikamoo.

Nakuona kutoka dirishani kila asubuhi, na naona aibu kushuka. Nasikia unavyowaambia kwamba bomba limezibwa kwa kiraka tu, kwamba mtoto wa watu amekufa, warudi makwao. Wanatazama juu kwenye picha, wanakutazama wewe, halafu wanakushika mkono wakikuomba uwasemee ndani wapate kazi. Foleni imezidi ile ya mwanzo.

Mkubwa naye amekuona, na foleni ameiona. Amewakataza walinzi kukugusa. Kesho nimeagizwa nikuletee kiti na mwavuli.

Mwanao