Mninga na Triga

Ng'ambo, Tabora
Septemba 1957

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na shikamoo kwa Mama. Namwomba Benedikta anayekusomea asiharakishe wala asiruke neno, maana namjua dada yangu: penye uchungu hukohoa akageuza ukurasa. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama? Huku Minza na watoto ni wazima, na mvua bado, tunakula vumbi kama kawaida ya Tabora.

Dereva wa lori la pamba amenifikishia maneno yako. Amesema Jumamosi utapanda basi kutoka Lusu uje usimame mbele ya hakimu, uombe Shomari afungwe. Amesema pia umeapa kwamba Mzaramo hatakanyaga ua wako ungali hai. Polisi walikuwa tayari kulimaliza jambo hili, kwa sababu mimi niliyeumia nilikataa kushtaki. Ni malalamiko yako kwa mtemi yaliyoifufua kesi. Kwa hiyo kufungwa kwa mtu huyu kuko mikononi mwako, Baba, nami naomba unisikilize kabla hujapanda basi.

Bastola ile iliyoniumiza hukuwahi kuiona. Ilikuwa ya Mzungu mmoja, mhandisi, ambaye tulimwita Bwana Miwani. Unajua kwamba tangu nirudi kutoka vitani Burma kazi yangu ilikuwa kutunza uwanja wa shabaha nje ya mji: kubandika karatasi, kufagia maganda ya risasi, na kuwakumbusha wakubwa wasielekezeane mitutu. Siku moja Bwana Miwani alinikuta nikijaribu kulenga, akacheka, kisha akaacha kucheka. Alipostaafu kurudi kwao aliniachia bastola yake na akanisaidia kupata kibali cha polisi. Si bastola ya vita. Risasi zake ni ndogo, nyembamba kama penseli, za kutoboa karatasi tu. Ndivyo nilivyomwambia Minza alipokataa ilale chumba kimoja na watoto.

Nayo ilikuwa nzuri vilevile ilivyokuja. Hapo ndipo ujinga wangu unapoanza. Katika mashindano ya Jimbo mwaka jana nilishika nafasi ya pili nyuma ya inspekta mmoja, na Waafrika waliokuja kutazama walinibeba mabegani kana kwamba nimeshinda. Ningetosheka. Lakini mtu akishabebwa mabegani hutaka kubebwa tena.

Nikaanza na mpini. Ule wa awali ulichongwa kwa kiganja kipana kuliko changu, basi nikatafuta kipande cha mninga mkavu, nikawa nakichonga na kukibana mkononi, nakichonga tena, mpaka kila kidole kikapata mahali pake pa kulala. Risasi zikaanza kukusanyika katikati. Kisha nikapaka masizi kinundu cha kulengea kilicho mbele ya mtutu, kisimetemete juani. Hayo siyajutii. Najuta triga, kile kichuma cha kuvutwa kwa kidole. Niliiona nzito, inanitikisa mkono wakati wa kuvuta. Nikaifungua, nikachukua tupa ya kunolea misumeno, nikalipunguza jino linaloshika nyundo, nikatoa springi yake na kutia laini niliyoichomoa kwenye saa mbovu. Fundi bunduki wa polisi alinionya niiache, akasema uzito kidogo wa triga ndio adabu ya bastola. Nikamjibu kwamba ana wivu. Nilipomaliza, ukiigusa tu imeshalia, nami nikapita nyumba hadi nyumba nikijisifu.

Sasa Shomari. Wewe unamjua kwa jina tu. Ni karani, kwao Kisarawe, na amekuwa mtani wangu, Mzaramo kwa Mnyamwezi, tangu wiki aliyoshuka kwenye treni. Jogoo wangu wameliwa kwake bila kuulizwa, nami nimevaa viatu vyake vya Idi mpaka vikaisha soli. Alipofiwa na mwanawe mdogo, mimi ndiye niliyejilaza ndani ya kaburi nikakataa kutoka mpaka nikombolewe, na waombolezaji wakacheka huku wanalia. Kwa hiyo alipoingia uani kwangu Jumapili ile akaikuta bastola juu ya mkeka, nimetoka kuifuta mafuta, alifanya anachofanya mtani. Aliinyakua, akatangaza kwamba ni mateka wake, hairudi bila mbuzi.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mimi nilicheka, maana kwa mtani ukikasirika umeshindwa. Nilikuwa nimechomoa magazini yake, kile kikasha cha risasi, nikaamini kwamba haina kitu. Mimi, ninayewapigia wakubwa kelele kila siku kwamba magazini ikitoka bado hujamaliza, chungulia na ndani! Risasi moja ilikuwa imebaki ndani. Nikamkimbiza Shomari kuzunguka kinu, Minza anacheka hadi kuangusha mwiko, nikamfikia, nikaukamata mtutu kwa kiganja cha mkono wa kulia. Sidhani hata kama aliivuta triga. Kwa namna nilivyoitengeneza, kutetemeka kwa kicheko kulitosha.

Alinibeba mgongoni mpaka hospitali ya Kitete. Polisi walipomfuata walimkuta kwenye baraza la hospitali, kanzu yake imelowa damu yangu, na hakukana neno.

Baba, nisamehe kwa nitakalouliza. Ni wewe uliyenisimulia mlivyobeba pembe kwenda Bagamoyo, na jinsi kaka yako Kashindye alivyoshindwa na homa mlipofika Uzaramo. Msafara haukuweza kungoja, ukabaki naye wewe peke yako. Wazaramo ndio waliomwosha na kumchimbia, na pale kaburini wakamtania kwamba Mnyamwezi huyu ni mvivu, amelala kabla hajaiona bahari. Ulisema ulitaka kuwapiga, kisha ukacheka, na kile kicheko ndicho kilichokupa machozi. Ukanifundisha kwamba mtani hashtakiwi. Nimeishi kwa neno hilo. Sasa nimfuate Baba yupi, yule wa msafara au huyu wa Jumamosi?

Nilikutumia habari kwamba mkono unapona. Kidonda kimepona kweli. Vidole ndivyo havikupona. Kile cha shahada kimekatwa, na viwili vinavyofuata havikunji tena. Bastola nimeirudisha polisi pamoja na kibali, na uwanjani wamemweka mtu mwingine. Nalia, Baba, sikufichi. Naulilia mkono wangu kama mtu anavyomlilia ndugu.

Kalamu pia siwezi kuishika. Barua hii yote ameiandika Shomari, nikisema naye akiandika. Tulipofika pale pa kuomba afungwe aliweka kalamu chini akaniuliza kama ni lazima. Nikamwambia ni lazima, akaandika. Pale penye kicheko alitoka nje akakaa, nami nikamngoja. Anataka niongeze kwamba yuko tayari kwenda jela. Nimekataa, barua ni yangu.

Anakuja kila jioni baada ya kazi. Ananikatia kuni, ananifunga vifungo vya shati. Lakini tangu Jumapili ile hajanitania hata mara moja. Nimemchokoza kwa kila namna. Nimemwita mla nazi, nimemwambia Wazaramo hata shabaha ya kiganja wanaipata kwa bahati. Anainamisha kichwa, ananiitikia kwa heshima kama vile mimi ni mkwewe. Mkono nitauzoea. Hili siliwezi, na jela haitanirudishia.

Basi Jumamosi njoo, Baba, ila usianzie kwa hakimu. Anzia kwangu. Umtukane Shomari kama mlivyokuwa mkitukanana na Wazaramo njiani, matusi ya zamani yale ambayo mimi siyajui. Mimi hanijibu. Labda wewe atakujibu.

Nisalimie Mama, na Benedikta namshukuru kwa kusoma mpaka hapa. Minza na watoto wanakuamkia. Shomari nimemwambia aandike shikamoo yake, amekataa. Anasema hajui kama ataitikiwa.

Ni mimi mwanao,
Sylvester Luhende
(dole gumba, mkono wa kushoto)