Bunduki Uliyoichagua Sokoni Nizwa

Nassor, mdogo wangu niliyekubeba mgongoni,

Sauti yako nimeipata. Iliingia kwenye simu Ijumaa baada ya sala, nikiwa naosha mchele. Nikauacha mchele ndani ya maji, nikakaa kitako kuisikiliza, maana nilidhani leo umekuja kulisema lile neno ninalolingoja tangu mwaka wa juzi. Kumbe wapi! Umenieleza kwamba mbweha wanakumalizia kuku huko Jalan Bani Bu Hassan, kwamba shamba la wakwe zako lina uwanda mzuri wa kupigia, kwamba umekwisha kuuliza habari za leseni mpya, na sasa unataka ushauri: uchukue bunduki ya aina gani, na risasi ya unene gani. Ukasema, "Dada, wewe ndiye uliyebaki na elimu ya baba." Halafu ukacheka. Wallahi, Nassor, ulicheka.

Nimekasirika. Ndiyo maana nakuandikia, na barua yenyewe naiweka wazi kwenye kundi la ukoo mzima, kuanzia wa Ibra hadi wa Maskati, wakubwa kwa wadogo waisome. Za faraghani nilikutumia nyingi na hukujibu hata moja. Mkeo akinipigia kuniambia nimekuaibisha, mwambie aibu imekuwapo zamani, mimi nimeifungulia dirisha tu.

Kwa kuwa umeitaja elimu ya baba, tuanzie huko huko.

Unakumbuka shamba letu nje ya Tabora, lile la mahindi na karanga? Bweha walikuwa wakishuka alasiri, hawana hata haya, wanawafuata kuku mpaka jikoni kwa mama. Baba alikuwa na bunduki mbili. Moja ile nyembamba ya tuwenti-tuu, uliyokuwa ukiililia kama pipi, na moja ya marisau, nzito, kitako chake kimefungwa ngozi. Alikuwa akitukalisha juu ya gunia, mimi na wewe, na kabla hatujagusa chochote anauliza swali lake moja: "Risasi ikimpita mnyama, itaishia wapi?" Ukimjibu "ardhini" haridhiki. Ardhi ipi, nionyeshe kwa kidole. Siku ya kwanza uliyomjibu sawasawa ulikionyesha kichuguu kilichokuwa nyuma ya yule bweha, baba akavua kofia yake akakuvisha wewe. Ilikufunika mpaka puani, na ukakataa kuivua hata wakati wa kula. Nilikuonea wivu siku hiyo, na nilikupenda vilevile, kichwa chote kimezama ndani ya kofia.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwa bunduki alikuwa akisema. Tuwenti-tuu ni nyepesi na haipigi kelele, lakini usidanganyike na udogo wake, inakwenda mbali, na ikikuta jiwe inaruka kama panzi. Ya marisau ni ya karibu. Punje zake zinatawanyika, zinachoka, zinaanguka, na mtu aliye mbali anasalimika. Bunduki kubwa ya risasi nene ni ya mnyama mkubwa mahali peupe pasipo watu, na baba hakuwahi kuiweka nyumbani. Bunduki, alikuwa akisema, huchaguliwa kwa kumtazama mnyama na kilicho nyuma yake. Hakusema huchaguliwa kwa kuwatazama watu watakaokutazama wewe.

Halafu tukaja huku. Sina haja ya kukusimulia kijiji hiki cha Dima wa Tayyin kilivyotupokea. Milima mitupu, nyumba zimebanana ukingoni mwa wadi, bonde la mto mkavu, mawe juu na mawe chini, na watoto wanatufuata wakituita "zinjibari", sisi ambao Zanzibar hatujawahi kuikanyaga. Kiarabu chetu kiliwavunja mbavu. Mimi nilikuwa nikiwajibu, unanijua mdomo wangu. Wewe ulikuwa ukinyamaza, unarudi nyumbani macho mekundu, na mama anakupangusia uso kwa upande wa kanga. Nililiona lile, Nassor, na naliona mpaka leo. Ndiyo maana nimekuchukulia mengi katika maisha haya.

Mtu mmoja tu hakutuita jina lile. Bi Moza, wa nyumba ya ng'ambo ya wadi. Alikuja wiki ileile tuliyofika, anamvuta mbuzi jike kwa kamba, akamkabidhi mama mlangoni na kumwita "dada yangu". Mama hakuwa anakijua Kiarabu, Bi Moza hakijui Kiswahili, wakakaa wakacheka pamoja mpaka adhuhuri. Mbuzi wote tuliowahi kuwa nao katika nyumba ile ni uzao wa yule mmoja. Nawe ulimlilia Bi Moza alipokwenda Hija, ukidhani harudi.

Sasa njoo kwenye mwaka wa juzi. Mbweha walianza kutuibia wana wa mbuzi. Mbweha wa huku unawajua, masikio makubwa mwili mdogo, hawamzidi paka aliyeshiba. Nilikwambia kwanza tuliinue zizi kwa wavu. Ukasema wavu ni kazi ya wanawake. Haya, nikakwambia, kama ni lazima upige, basi chukua ile ya marisau uliyonayo, kaa karibu na zizi, mgoje aje mpaka umwone masharubu, huku nyuma yake ni ukuta wa mazra, shamba letu. Kwingine kote palikuwa na nyumba za watu, njia ya watu na mawe kila upande. Hata mtoto wa Tabora angelijua jibu.

Ulilijua na wewe. Tatizo lilikuwa sikukuu. Ulikwenda kwenye razha ya Idi na bunduki yako ya marisau begani, wanaume wamejipanga wanaimba na kurusha bunduki zao juu na kuzidaka, na mmoja wao akakuuliza kama hiyo yako umekuja nayo kutishia kunguru. Wakacheka. Mtu mzima mwenye wajukuu, ukarudi nyumbani na macho yaleyale ya utotoni. Nilikusikitikia sana, nikakupikia mkate wa kumimina ukala nusu. Wiki iliyofuata ukaniambia nikusindikize Nizwa.

Soko la Nizwa lilijaa siku ile. Yule muuzaji alikuonyesha bunduki tatu, na wewe ukaiendea moja kwa moja ile kanadi, bunduki ya kivita ya zamani yenye risasi nene kama kidole changu, mtutu umezungushiwa pete za fedha. Hukuitazama ndani. Hukuuliza inalenga kushoto au kulia. Uliishika kwa mkono mmoja, ukaizungusha, ukageuka kuona nani anakuona. Nikakwambia kwa Kiswahili, taratibu, ili muuzaji asielewe: Nassor, hii ya kumpigia mbweha au ya kumpigia yule mwanamume wa Idi? Ukanijibu, "Marisau ni mambo ya Tabora. Huku mwanamume hubeba kanadi." Mbele za watu nilikuachia ulipe, lakini njiani nilikusema mpaka tukafika Ibra, na ulipandisha redio usinisikie.

Wengine humu ukooni hawaijui asubuhi yenyewe, au wameisikia kwako kwa namna unavyoisimulia. Basi waisikie kwangu, niliyekuwapo. Ilikuwa baada ya sala ya alfajiri, kumekwisha kupambazuka. Mbweha alikuwa anapanda mawe ya upande wa pili, hata kwenye zizi hakuwa. Alikuwa anakwenda zake. Wewe ulikuwa barazani na kanadi. Nilikuona unaipandisha, nikakuita jina lako, ukapiga. Mlima wote ukaitika. Mbweha akaruka, akapotea, hakupata hata mchubuko. Risasi ilikula jiwe, ikageuka, ikavuka wadi, ikamkuta Bi Moza katika njia yake ya kila siku na mzigo wa majani ya mbuzi kichwani. Ikampasua kiwiko cha mkono wa kulia. Mimi ndiye niliyeukimbilia ule mzigo nikidhani ameanguka tu. Majani yalikuwa yamelowa.

Sisemi habari ya ruhusa ya kuwinda, hilo polisi walikwambia na bunduki wakaichukua. Sisemi habari ya sheria, maana wana wa Bi Moza walikaa na wanaume wetu, wakasamehe mbele ya afisa, mambo yakaisha. Umeweka sahihi, wameweka sahihi, mkapeana mikono. Mikono mizima, yote. Na katika majlisi yote ile hakuna hata mmoja aliyekwenda upande wa wanawake kumuuliza mwenyewe kama amesamehe.

Wewe ulikuwa wa kwanza kutokwenda. Ukafunga mizigo ukaenda kwa wakwe zako, na kila anayekuuliza unamwambia neno moja: kadari. Kadari ya Mungu, Bi Moza kupita pale. Kadari, jiwe kuwa pale. Astaghfirullah. Mimi naiamini kadari kuliko wewe, nimezika mume na mtoto kwa kuiamini. Lakini Mungu hakukuchagulia bunduki, Nassor. Ulichagua mwenyewe, mchana, sokoni Nizwa, mimi nikiwa pembeni yako nakukataza. Wazee wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe miguu yako mizima, imekufikisha Jalan. Aliyevunjika ni mwenzio.

Na sasa unaniuliza uchukue ipi. Haya, nikujibu, usije ukasema dada kakunyima elimu ya baba. Usichukue yoyote. Jenga banda, tia wavu mpaka chini ya mchanga, fungia kuku kabla ya magharibi. Na hao wakwe zako wakikuona mnyonge kwa kutembea bila bunduki, waache wakuone. Ulipigwa kicheko ukiwa mtoto, ukapigwa kicheko ukiwa mzee, na hukufa mara zote mbili. Uwanda ulioniambia ni mzuri wa kupigia una watu wanaopita, kila uwanda una watu. Mtu asiyekwenda kutazama risasi yake ilipoishia, mimi simpi hata manati.

Nisingeandika yote haya kwa ajili ya kuku zako. Naandika kwa sababu Alhamisi nilikwenda kwa Bi Moza, na safari hii nilikwenda na haja.

Mkaza mwanawe akatandika mkeka, akaleta tende, akanimiminia kahawa. Nikakipokea kikombe nikakiweka chini, sikunywa. Umekulia huku, unajua maana yake: mgeni mwenye ombi haionji kahawa mpaka mwenye nyumba amkubalie. Wanaume hufanya hivyo wakienda kuposa, au kutaka sulhu. Mwanamke kufanya hivyo peke yake ni jambo la kuchekesha, na yule binti nusura acheke. Bi Moza hakucheka. Alikitazama kikombe mpaka mvuke ukaisha, kisha akaniuliza nataka nini. Nikamwambia: nataka umwie radhi ndugu yangu.

Amezeeka sana, Nassor. Mkono ameufunga kifuani kwa mtandio, vidole vimekauka. Aliniambia wanawe walisamehe bila kumuuliza na hakuwapinga, maana ni wanawe. Halafu akasema, "Wewe kunywa. Wewe hukunipiga. Yeye aje hapa, kahawa yake ipoe mbele yangu mimi, si mbele ya wanaume." Ningemjibu nini, kwamba unashughulika na kuku?

Akamwambia yule binti aimwage ile iliyopoa na amletee birika. Akataka kunimiminia mwenyewe, kama alivyokuwa akimmiminia mama. Unajua adabu ya huku, mgeni hupewa kikombe kwa mkono wa kulia, na Bi Moza ni mtu wa adabu zaidi ya wote katika wadi ile. Alimimina kwa mkono wa kushoto, kahawa ikamwagika kidogo kwenye mkeka. Akaliweka birika chini, akakichukua kikombe kwa mkono uleule wa kushoto, akaninyooshea. Akainamisha uso kwa haya, akasema, "Niwie radhi, mwanangu, kwa kukupa kwa kushoto."

Aliniomba radhi yeye, Nassor. Wewe bado hujaomba.

Mimi dada yako, wa tumbo moja