Sisimizi wa Baba Kwenye Bango la Kinyozi

Kaka yangu,

Shikamoo. Naiandika salamu hii kwa sababu mama alitulea vizuri. Ingekuwa ni hasira zangu zinazoshika kalamu, barua ingeanzia aya ya tatu. Natumaini u mzima, wifi hajambo, na yule mdogo amepona kikohozi. Sisi huku tunaendelea. Baba anakula na kulala vizuri, ila mkono wa kulia bado unatetemeka kama ulivyouacha, hata chai namjazia nusu kikombe.

Uliuliza kwa nini siku hizi sipokei simu zako. Nitakujibu, na kaa chini kabisa.

Unajua kwamba tangu duka la uchapaji linipunguze kazini, nimekuwa nikihangaika na kazi za mtandaoni, za kuchora herufi na nembo. Nilijipiga picha mbele ya shuka jeupe. Maelezo yangu niliyaandika mara tisa na kuyafuta mara nane. Kumbe kazi hupewi mpaka uonyeshe kazi ulizokwisha kufanya, na hizo utazitoa wapi kama hakuna anayekupa? Nikachora nembo za maduka ya kubuni, duka la dawa lisilo na mlango, hoteli isiyo na jiko. Baada ya miezi mitatu ukurasa wangu ulikuwa umetazamwa mara kumi na moja, na kumi kati ya hizo ni mimi, kwa simu ya jirani.

Ndipo nikaweka picha tatu: bango la fundi saa, la duka la dawa, na la kinyozi wa kona. Ndiyo, ni kazi za baba. Nilidai ni zangu, na hilo nitalijibia mwenyewe. Niache nimalize.

Wiki ya pili akaniandikia mwoka mikate. Alisema amezipenda zile herufi za kinyozi zenye matumbo, anataka za namna hiyo kwenye mifuko ya mikate yake. Nilizunguka nyumba nzima nikicheka peke yangu. Kesho yake akaandika tena, safari hii kwa ukali. Kuna mtu mwingine, alisema, mwenye picha hizo hizo tatu, basi mmoja wetu ni mwizi. Akanitumia huo ukurasa. Nikaufungua, nikakutana na uso wako, umevaa tai ya harusi yako. Mbunifu wa herufi, uzoefu wa miaka kumi na miwili.

Wewe, kaka. Wewe ambaye mwalimu alisema daftari lako limekanyagwa na kuku. Wewe uliyemwambia baba mbele ya wageni kwamba kupaka rangi mbao za watu ni kazi ya kumaliza macho tu. Una kiti cha kuzunguka ofisini na mshahara wa kila mwezi, na bado umekuja kuchota kwenye chungu ambacho mimi nakwangua ukoko.

Tena ulimkata sisimizi. Unajua baba hakuwahi kutia jina lake kwenye bango lolote. Alichora sisimizi mmoja chini ya herufi ya mwisho, mdogo kama punje ya mchele, na akasema anayejua kutazama atamwona. Picha zako umezikata juu kidogo ya mgongo wake. Napajua ulipopitisha mkasi kwa sababu na mimi nilipitisha hapo hapo. Utaniambia mkuki kwa nguruwe. Basi nimekutangulia kuisema.

Nikawaandikia wenye mtandao wa kazi, wakatupa siku tatu. Kila mmoja atume picha ya kazi nzima, kingo zote zionekane, pamoja na yeye mwenyewe kasimama kando yake. Najua hukutuma. Ungetuma nini, nawe uko mbali huko? La fundi saa liling'olewa, la duka la dawa likawekewa la plastiki, limebaki la kinyozi peke yake, nami naishi hatua mia mbili kutoka hapo. Ukurasa wako ukafungwa, ukanipigia ukilalamika kwamba kuna mtu amekufanyia fitina. Mtu huyo ni mimi, na sijajuta kukufungia.

Ninachojuta ni hiki. Picha nzima ingemwonyesha sisimizi, na wangeuliza huyu ni alama ya nani. Basi nilichukua ngazi, nikachukua kopo la rangi ya manjano, ile ile ya bango, chini ya kitanda cha baba, nikamdanganya kinyozi kwamba mzee amenituma kurekebisha kona. Nikamfunika sisimizi kwa rangi. Mara mbili, maana mara ya kwanza miguu ilionekana. Kinyozi alinishikia ngazi na kunipiga picha, akamsifu baba kwa kuzaa binti mwenye kujali.

Jumamosi baba alikwenda kunyolewa. Alirudi kichwa kimenyolewa nusu. Kinyozi alikwisha kumtajia kona niliyorekebisha, nami nikamwungamia habari yote ya mtandao; hakunigombeza. Alisema nilete brashi nyembamba na ngazi, tukaenda pamoja, akapanda huku nimemshika kiuno. Aliushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, lakini lilitoka doa tu, kisha doa jingine. Akashuka, akanipa brashi, akasema kama mtandao umekubali kwamba hii ni kazi yangu, nimalizie. Nikapanda. Kaka, sikujua miguu ya sisimizi inatokea wapi. Miaka yote hii nimemtazama, na sikuwahi kumwona. Nikachora mdudu. Baba alimwangalia, akasema huyo ni sisimizi, ila si yule.

Mwoka mikate nimemwandikia ukweli. Hajajibu, na ukurasa wangu nimeufunga kwa mkono wangu.

Bado nimekukasirikia, na usinipigie simu kuniomba radhi wala kudai radhi. Mimi picha zangu za awali nilizifuta nilipokwisha kuzikata. Tafuta kwenye simu yako. Kama ile ya kinyozi unayo kabla hujaikata, nitumie leo hii, hata iwe na ukungu, nijifunze miguu yake baba angali anaweza kunisahihisha.

Wasalimie wifi na watoto, mwambie mdogo shangazi yake anamkumbuka. Baba anakusalimu. Aliniuliza mara moja tu kama na wewe ulimkata sisimizi, nikamwambia ndiyo. Akaomba chai.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba