Betri ya Mashine ya Mjomba

Nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Ile mashine ya mjomba ya kutengenezea midundo ya ngoma, nimeifuta kumbukumbu. Yote!

Nilitaka kumsaidia tu. Betri ya ndani ilikuwa imechoka, nikaichomoa niweke mpya. Kumbe ndiyo iliyokuwa inatunza midundo yake ya miaka ishirini.

Hata ule aliougonga marehemu mkewe kwa vidole vyake mwenyewe 😭

Nikaiwasha mbele ya mjomba. Kimya.

Na hakunigombeza! Mjomba huyuhuyu anayesema muziki wa kompyuta hauna jasho, amevuta kiti mbele ya kompyuta yangu, akaniambia taratibu, “Haya mwanangu, si hii ina kitufe cha kurudisha kilichofutika? Kibonyeze.”

Hajui kitufe cha kompyuta hakiifikii mashine yake. Nakuandikia nimejifungia chooni. Yeye bado amekaa pale, anasubiri.